Mlango Uliokwenda Shule

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa napita kando ya ukuta wa mawe wa shule yangu ya zamani, ule unaoteremka kuelekea ziwani, nikiwa na haraka zangu za mtu mzima, na upande wa pili wa ukuta kitu kikalia. Kilianza chini, kama mtu anayejizuia, kikapanda, kisha kikakatika. Miguu ilisimama kabla akili haijaniambia kwa nini. Sikuwa nimeusikia mlio ule tangu utotoni, lakini mdomo wangu ulitaka kusema, kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati, "Baba huyo katoka."

Nikazunguka, nikaingia. Uani mafundi walikuwa wanatoa madawati chakavu ili wayapasue kuni. Mmoja wao alikuwa ameinua mfuniko wa dawati moja, akauachia, ukalia tena. Mbao zake zilikuwa nyekundu na zimeng'aa kwa viwiko vya watoto, na karibu na ukingo palikuwa na tundu la ufunguo.

"Dada, vipi?" fundi akanitania. "Unaliangalia kama ndugu yako."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nalitazama kama ndugu yangu.

Lilikuwa mlango wa nyumba yetu. Baba aliununua akiwa bado na kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Nyakato, kabla kuta hazijafika usawa wa madirisha. Majirani zetu wa Igoma walicheka kuona mlango wa mninga umeegemea jiwe, hauna nyumba. Baba hakujali. Alikuwa ameishi vyumba vya kupanga tangu ujana, na alikuwa akisema mtu aliyeishi hivyo hatamani kochi wala kabati. Anatamani kufunga mlango ambao mtu mwingine hana ufunguo wake.

Ulikuwa unalia. Mama alimwomba atie bawaba mafuta, akakataa. "Uache ulie. Ukilia najua nani kaingia, nani katoka." Kwa hiyo mimi nilimjua baba yangu kwa masikio kwanza: mlio mrefu alfajiri, anakwenda zamu, anajitahidi asituamshe na ndiyo maana anatuamsha, mlio mfupi jioni, amerudi, na nyuzi nyeupe za pamba zimemkaa kwenye nyusi kama mzee wa mchezo wa kuigiza.

Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu. Mitumba ilikuwa imejaa mjini, na khanga za kiwandani zikabaki zimekunjwa dukani. Redio ilikuwa ikisema soko huria, soko huria, nami nilidhani ni soko jipya mahali fulani, labda kubwa kuliko la Kirumba, na kwamba Baba anakawia kurudi kwa sababu hajaonyeshwa njia ya kufika. Tulianza kula mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki minofu ikishapanda ndege. Mama aliyakaanga mpaka yakawa yanavunjika mdomoni, akasema yana utamu wake. Kwa kweli yalikuwa nao. Hata leo nikisikia harufu ile napata njaa na huzuni kwa pamoja, na siwezi kutenganisha.

Ndipo nilipochaguliwa.

Ilikuwa shule ya serikali, lakini haikuwa kama shule nyingine. Ilichukua watoto waliomaliza darasa la tatu kutoka shule zote za mji, wale tu waliopita kwenye usaili, na watu waliiita shule ya vichwa. Jengo lilikuwa la wakati wa Mjerumani. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukaa dirishani na miguu yake isifike nje. Ghorofani sakafu ilikuwa ya mbao, na wakubwa wakitembea, vumbi liliwadondokea wadogo vichwani kama unga. Mbele kulikuwa na mlango wa mvule, wa mabamba mawili, mrefu kuliko nyumba yetu. Mlinzi wake alikuwa Mzee Bwire, mtu wa Mara, ambaye kila wiki aliupaka bawaba mafuta ya sangara mpaka ukawa unafunguka kama kurasa za kitabu. Ukimsifu alijibu, "Mrango wa serikari haurii ovyo."

Ada haikuwapo. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika, wazazi walitakiwa kuchangia, na mchango wa shule ile ulikuwa huu: kila mtoto mpya aje na dawati lake, la mbao ngumu, lenye mfuniko, la kukaliwa na wawili. Mwalimu Mkuu, mama mwembamba aliyening'iniza miwani yake kwa kamba ya kiatu, aliwaeleza wazazi bila kupandisha sauti. "Serikali imetoa nyumba na walimu. Pa kukalia mtoto ni juu yenu. Asiyekuwa na dawati Jumatatu, nafasi yake atapewa anayemfuata. Wako wengi nje, na wote ni vichwa."

Baba alizunguka na baiskeli wiki nzima. Mafundi aliowafahamu walimwonyesha mbao, kisha wakamwonyesha wenyewe waliokwisha kuzichukua. Akaomba mabanzi kwenye mitumbwi inayoundwa, akaambiwa mabanzi siku hizi yanapikia chai. Akaenda hata Kigongo, kwa mtu aliyekuwa akipasua magogo jirani na kivuko, akakuta ameshahama. Jumamosi alirudi na kamba ikiwa bado imefungwa kwenye keria, haijafunga kitu. Akakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, akautazama mlango.

Nilidhani anamsubiri mtu. Nilikaa chini karibu yake, nami nikasubiri.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake, anageuza kola ya shati la mtu. Akaacha kukanyaga.

"Baba Kabula, usifanye hivyo."

"Sijafanya kitu."

"Unautazama. Nakujua unavyokitazama kitu kabla hujakikata."

Mdogo wangu, aliyekuwa anaanza kusimama dede, alikuwa ameushika mlango ule ule kwa viganja vyote viwili.

"Tulale wazi kama mbuzi?" Mama akauliza.

"Mbuzi wana zizi."

"Unaona. Afadhali mbuzi."

"Mtoto amepita, Mama Kabula. Katika shule nzima ya kina Kabula wamepita watoto wawili. Unataka nimwambie nini? Kwamba alikosa pa kukaa?"

Mama alimnyanyua mdogo wangu, akamtoa pale mlangoni. Akacheka, kicheko cha mtu ambaye amekwisha kukubali lakini hataki kulisema neno lenyewe. "Haya. Na akasome. Akishasoma atakuja kutufungia mlango."

Alisema akinitazama mimi. Sikujua kwamba watu wazima husema mambo kwa uchungu huku wakimtazama mtoto, na kwamba mtoto hapaswi kuyapokea. Mimi niliyapokea. Kufunga mlango kulikuwa kazi yangu tangu dakika ile.

Jumapili Baba aliukata. Upande wenye kitasa ukawa mfuniko, upande wa bawaba ukawa kiti, na vipande vingine vikawa miguu na mbavu. Kitasa hakukitoa, maana kukitoa kungeacha shimo kubwa. Badala yake alipigilia ubao mwembamba kwa mbele, akautoboa, ulimi wa kitasa ukawa unaingia humo, usawa wa tumbo langu. Bawaba zile zile akazifunga nyuma ya mfuniko. Alipouinua kwa mara ya kwanza ulilia, na sisi wote tulitazama kwenye tundu la ukuta pale mlango ulipokuwa, kana kwamba kuna mtu anaingia. Palikuwa na mwanga tu, na kuku.

Akatunga ufunguo kwenye uzi, akanivika shingoni. "Kaa nao. Mwenye mlango sasa ni wewe."

Jumatatu tulifika shuleni mapema, dawati limelazwa juu ya baiskeli, Baba anasukuma, mimi nashikilia kwa nyuma. Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake. Akapitisha kidole kwenye tundu la ufunguo.

"Mzazi, hili ni dawati au mlango?"

"Lilikuwa mlango, mwalimu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani kupo."

Akamtazama Baba kwa muda, akavua miwani. "Liingizeni darasa la kushoto," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida yake.

Watoto hawakuwa na sauti ndogo. Niliyekaa naye aliitwa Neema, dawati lake lilikuwa limepelekwa darasa jingine, baba yake alikuwa karani bandarini, na siku ya kwanza tu alibisha kwa kifundo juu ya mfuniko. "Hodi. Hodi hapa." Darasa likacheka. Nami, kwa kuwa nilifundishwa kwamba hodi haiachwi bila jibu, nikasema, "Karibu." Basi. Kuanzia siku hiyo niliitwa Mwenye Nyumba. Walipita wakibisha, wakiomba maji ya kunywa, wakiuliza kama kuna chumba cha kupanga. Maganda ya karanga yalitumbukizwa kwenye tundu. Nilipoandika, kalamu iliteleza ikaingia humo na kutoboa karatasi, na mwalimu wa hesabu aliwahi kuandika chini ya kazi yangu: jibu ni sahihi, ila lina shimo.

Sikujali sana, kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Kila asubuhi, nikishaweka daftari ndani, nilizungusha ufunguo. Ulimi wa chuma uliingia kwenye ubao, nikausikia, na kwa wakati ule ule, kule Igoma, nyumba yetu ilifungwa. Sijui niwaeleze vipi nyinyi mliokuwa na milango. Mlango ulikuwa ule ule. Kitasa kile kile, ufunguo ule ule. Kilichobaki nyumbani kilikuwa khanga iliyotundikwa kwa misumari, na usiku bati lililoegemezwa kwa mawe, lakini hivyo vilikuwa pambo. Kitu chenyewe kilikuwa darasani, ninakilinda mimi. Nilikuwa nafunga tena wakati wa kuondoka, navuta mfuniko kuhakikisha, kisha natembea kwenda nyumbani na usalama wetu ukigongagonga kifuani.

Siku moja tulitolewa ghafla kwenda kupalilia bustani, nikaacha mfuniko bila kuufunga. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika Igoma. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kushonea na mbele yake hapakuwa na cherehani.

"Wameingia mchana kweupe," jirani alikuwa akisema. "Nilidhani ni wageni wenu. Mtu atabisha hodi kwenye khanga?"

Mama hakulia. Alikuwa anakanyaga taratibu, mguu wake ukishuka na kupanda mahali ambapo palikuwa na pedali. Mimi nilishika ufunguo kwa mkono wote, na hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kulaumiwa.

Baada ya hapo nilifunga hata nilipokwenda chooni.

Bila cherehani hatukuwa na kitu. Baba alikaa siku kadhaa bila kusema, kisha akasema machimbo. Watu walikuwa wanavuka kwa wingi, wanakwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Siku hizo kila mtu aliruhusiwa kujaribu. Alimwambia Mama atarudi na mbao. Hakusema pesa, alisema mbao. "Mlango kwanza," alisema. "Mengine yatafuata."

Aliondoka alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kuusikia mlio mrefu, niamke, nimuage. Lakini hapakuwa na kitu cha kulia. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani, na khanga ilikuwa inapepea polepole, kama mtu ameigusa muda si mrefu.

Mvua zikaja bila yeye. Maji yaliingia ndani kama mtu wa nyumbani. Mama alianza kuuza mapanki kando ya barabara ya Musoma, na nywele zake zikashika harufu ile. Mtu mmoja aliyerudi kutoka machimboni alisema alimwona Baba kwenye mashimo fulani, anakohoa. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa mwingine. Sahani yake iliendelea kuoshwa pamoja na zetu, ingawa haikuwa imechafuka.

Halafu jioni moja nilimsikia Mama akizungumza na jirani. "Wakati mwingine nadhani alikuja," alisema. "Alikuja, akasimama hapo nje, akaona bado ni khanga. Akageuka."

Nililala na maneno yale kama mtu aliyelala na jiwe. Alikuja, akageuka. Nilijua kwa nini. Mtu hugeuka anapokuta pamefungwa. Baba alikuwa amefika, amesukuma, na mimi, kichwa wa shule ya vichwa, nilikuwa nimezungusha ufunguo kwa nguvu zangu zote.

Mniamini, sijawahi tena maishani kuwa na uamuzi mgumu kama ule. Nikiacha wazi, wezi. Hatukuwa na kitu tena ila godoro na mdogo wangu, na nilikuwa na hakika kwamba wakikosa cherehani watamchukua yeye. Nikifunga, Baba. Darasani nilikaa na ufunguo ndani ya tundu bila kuuzungusha upande wowote, mwalimu akieleza mito ya Tanzania, jasho likinitoka kama mgonjwa. Neema akaninong'oneza, "Mwenye Nyumba, unaumwa?" Nikamwambia naomba anisaidie kuwaza jambo, akaniuliza jambo gani, nikashindwa kulisema.

Nikaacha wazi. Usiku huo na siku zilizofuata nililala nimemkumbatia mdogo wangu, mkono wake nimeufunga kwenye mkono wangu kwa ule uzi wa ufunguo.

Na Baba akaja.

Ilikuwa wakati wa mapumziko, wenzangu wako nje. Nilisikia Mzee Bwire kwenye ukumbi akisema, "Mzee, hapa hawaingii watu ovyo," kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Aa, ni wewe. Wa mrango. Pita." Baba akaingia darasani. Alikuwa amekuwa mdogo. Ndivyo nilivyoona, kwamba huko machimboni nimerudishiwa baba mdogo kuliko yule aliyekwenda. Vumbi la mashimo lilikuwa limeingia kwenye mipasuko ya vidole vyake likakataa kutoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Akakaa mahali pa Neema, magoti hayakuingia, akayaweka pembeni. Akainua mfuniko. Ulilia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Bado unalia."

"Sijaufunga," nikamwambia haraka. "Nimeuacha wazi ili uingie."

Akanitazama. "Ulikuwa unaufunga?"

"Kila siku. Wezi wasije tena. Halafu Mama akasema ulikuja ukageuka, ndiyo nikaacha."

Aliweka kiganja juu ya tundu la ufunguo, akakiacha hapo, kama anavyopimwa mtoto homa. Kikohozi kikamjia, akakimeza.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mdogo wako anatembea?"

"Anakimbia."

Akacheka kidogo, akatazama dirishani, kwenye ule unene wa ukuta. "Anakimbia," akasema.

"Umeleta mbao?"

"Bado, mama. Bado kidogo."

"Lakini unakwenda nyumbani sasa. Pako wazi."

"Ndiyo," akasema. "Pako wazi."

Kengele iligongwa. Nilikaa vipindi vyote vilivyobaki nikipigwa na furaha kama homa, kisha nikakimbia njia yote mpaka Igoma. Khanga ilikuwa imenyooka. Mama alikuwa anakaanga. Nikamwambia Baba amekuja, na yeye akaiacha sufuria motoni, akatoka hivyo hivyo na mwiko mkononi, akasimama kando ya barabara mpaka giza likamficha. Mapanki yaliungua. Alisimama kesho yake pia. Baba hakufika nyumbani siku ile wala siku nyingine, na hakuna aliyewahi kutuambia alikoishia. Miaka mingi baadaye Mama alitengeneza mlango, wa bati na fremu ya chuma. Hakuutia kitasa. Una komeo la ndani tu, na mpaka leo analala bila kulifunga.

Yule fundi alining'olea mfuniko. Uko sebuleni kwangu, umeegemea ukuta, hauna nyumba, kama ulivyoanza. Mwanangu ameniuliza unafungua nini.

Nikijaribu kumwona Baba machimboni, simwoni. Barabarani, simwoni. Namwona pale ukumbini tu, siku ile, watoto wanarudi wakimpita pande zote. Nilimfuata mpaka mlango wa darasa kwa sababu nilitaka kumwona akielekea nyumbani. Mzee Bwire alimfungulia bamba moja, na mwanga wa ziwa ukaingia mpaka miguuni kwangu. Mlango ule ungepitisha lori, lakini Baba alipita kwa ubavu, bega limetangulia, kama mtu anayetoka alfajiri kwenye nyumba ndogo na hataki kuwaamsha wanawe. Mzee Bwire akaufunga nyuma yake. Nilitega masikio, nikasubiri. Haukulia.